Ripoti ya fMRI inasema mgonjwa ana "aina ya 3" ya sonona. Je, tubadili dawa?

Zamu_ya_Usiku

Wakuu, salaam. Naomba msaada wa kusoma ripoti, maana kurasa ni 14 na rangi ni nyingi kuliko maelezo.

Mgonjwa ana miaka 41, sonona ya muda mrefu. Ametumia esitalopramu, kisha mirtazapini, kila moja kwa dozi kamili na zaidi ya wiki 6. Nafuu ni kidogo sana. Amejilipia kipimo cha ubongo na anataka majibu yake yafuatwe. Ripoti inasema hivi:

- fMRI ya mapumziko (picha za shughuli za ubongo mtu akiwa amelala bila kufanya kazi yoyote), dakika 8, mashine ya Tesla 3, picha moja kila sekunde 2
- muunganiko (jinsi shughuli zinavyopanda na kushuka pamoja) wa sehemu mbili za mtandao wa umakini uko chini, z = −1.8
- "aina ya 3 ya sonona"
- "uwezekano wa kuitikia venlafaksini: 82%"
- ukurasa wa mwisho una nukta ya kulengwa na TMS (matibabu ya kuchochea ubongo kwa sumaku kutoka nje ya kichwa): −42, 40, 30

Hiyo z ina uzito gani? Hiyo 82% imetoka wapi? Na kuna kipande chochote humu kinachofaa kutumika, au yote yawekwe pembeni? Kumvunja moyo mgonjwa sitaki, ila kuandika dawa kwa sababu ya ramani ya rangi nako sitaki.

---

Vokseli_Moja

Nianze na z, yaani umbali kutoka wastani wa watu, kwa sababu ndiyo nyepesi. Ukiwapanga watu wasio na ugonjwa wowote kwa kipimo hicho, karibu 3.6% yao wataangukia chini ya −1.8. Sasa uliza ripoti imepima miunganiko mingapi. Tuseme 100. Mtu mwenye afya kamili atatoka na miunganiko kama 7 iliyovuka 1.8, ama upande wa chini ama wa juu, kwa bahati tu. Ukichagua mmoja kati ya hiyo 7, ukaupaka bluu na kuuweka ukurasa wa kwanza, umeshatengeneza ugonjwa. Mwaka 2009 kuna watafiti walimweka samoni aliyekufa ndani ya mashine, wakamwonyesha picha za watu, na kwa kuacha makusudi kusahihisha wingi wa majaribio wakapata "shughuli" ndani ya ubongo wa samaki. Watu walicheka, lakini ripoti za namna hii bado zinapita njia ileile.

Pili, rudi kwenye kinachopimwa. Mashine inafuata damu. Damu yenye oksijeni na ile iliyokwisha kuiachia zina usumaku tofauti, jambo ambalo Seiji Ogawa na wenzake walilionyesha mwaka 1990. Seli zikifanya kazi, damu huongezeka mahali pale na kufika kilele baada ya sekunde 5 hivi. Badiliko lenyewe ni dogo, asilimia 1 au 2 kwa kazi za kawaida, na limezongwa na kelele za mapigo ya moyo, za pumzi, na za adui mkubwa kuliko yote: kichwa kutikisika.

Hapo kwenye kutikisika tukae kidogo. Dakika 8 kwa picha moja kila sekunde 2 ni picha 240. Ukurasa wa ubora, kama upo, uonyeshe kichwa kilisogea kiasi gani kati ya picha moja na inayofuata. Maabara nyingi hutupa kila picha ambayo kichwa kimesogea zaidi ya milimita 0.5, na zenye ukali hukata kwenye 0.2. Mtu akimeza mate, akikohoa au akijiweka sawa mgongo, picha kadhaa zinakwenda. Zikibaki 130, mkononi una dakika 4 na sekunde 20, ingawa jalada litaendelea kusema 8.

Kelele ya kutikisika pia ina upande inaoegemea. Hudhoofisha muunganiko wa sehemu zilizo mbali na kukuza wa zilizo jirani. Mgonjwa mwenye wasiwasi hutikisika zaidi kuliko mtu aliyetulia. Kwa hiyo "mtandao umelegea" inaweza kuwa tafsiri ndefu ya "mgonjwa hakutulia". Omba wastani wa kutikisika na idadi ya picha zilizobaki. Wakisema hawana, acha kusoma.

Mengine niyapitie haraka. Alikuwa macho? Kwenye kipimo cha mapumziko watu wengi husinzia dakika chache tu baada ya kuanza, na ubongo uliosinzia una ramani yake. Alikunywa kahawa? Kafeini hubana mishipa na kupunguza damu ya ubongo, na ishara yote imejengwa juu ya damu hiyo. Mirtazapini alikuwa bado anaitumia? Watu wa kulinganisha walipigwa picha kwa mashine hiyohiyo na mpangilio huohuo, au walichotwa kwenye hazina ya data ya mashine nyingine? Tofauti ya mashine na mashine inaweza kuwa kubwa kuliko tofauti ya mgonjwa na asiye mgonjwa.

Tatu, urefu. Kazi ya Midnight Scan Club iliyochapishwa mwaka 2017 ilichukua watu 10, kila mmoja saa 5 za fMRI ya mapumziko, vipindi 10 vya dakika 30. Ilionekana wazi kwamba kila ubongo una ramani yake na ramani hiyo inarudi ileile ukiipima tena, mradi uwe na makumi ya dakika za data safi. Dakika 8 zinatosha kulinganisha wastani wa kundi na kundi. Kwa mtu mmoja ni kama kumsikiliza mgonjwa kwa sentensi mbili kisha ukaandika historia yake yote.

---

TakwimuTu

Vokseli kamaliza ya mashine. Mimi nishike "aina ya 3" na "82%", maana humo ndimo penye kasoro kubwa zaidi.

Msingi kwanza. Utafiti wa muungano wa ENIGMA uliochapishwa mwaka 2016 ulilinganisha wagonjwa 1,728 wa sonona na watu 7,199 wasio na ugonjwa huo. Hipokampasi (sehemu ya ubongo ya kumbukumbu) ilikuwa ndogo kwa wagonjwa, na tofauti ilikuwa ya kweli kitakwimu. Ukubwa wake: d = 0.14. Itafsiri hivi: chukua mgonjwa mmoja na asiye mgonjwa mmoja bila kuchagua, kisha bashiri kwamba mwenye hipokampasi ndogo ndiye mgonjwa. Utapatia mara 54 kati ya 100. Sarafu inakupa 50. Mwaka 2022 kundi jingine lilipanga kwa pamoja maumbo ya ubongo, miunganiko na hata alama za kijenetiki kwa watu 1,809. Wagonjwa na wasio wagonjwa waliingiliana kwa 87% hadi 95%, na kumtenga mtu mmoja mmoja kulifika usahihi wa 54% hadi 56%. Mwaka huohuo jarida la Nature lilichapisha kazi ya Marek na wenzake, data za watu karibu 50,000, ikionyesha kuwa uhusiano wa ubongo na tabia kwa kawaida ni mdogo kiasi kwamba unahitaji maelfu ya watu ndipo ujirudie.

Kwa hiyo mtu akikuambia ametenga "aina" kwa dakika 8, muulize aina hizo zilipatikanaje. Algoriti ya kupanga makundi ukiiambia itoe makundi 4, itatoa 4, hata kama data ni wingu moja la duara lisilo na mwanya wowote ndani. Utafiti wa mwaka 2017 wa aina 4 za sonona kwa fMRI ya mapumziko ulipokewa kwa shangwe. Mwaka 2019 timu nyingine ilirudia hatua zilezile kwa wagonjwa wengine, na ushahidi kwamba makundi yapo kweli haukupita ule ambao ungeupata kwenye data isiyo na makundi. Kisha mwaka 2024 ikaja kazi ya Stanford, watu 801 wenye sonona au wasiwasi, aina 6. Hii ni makini zaidi, na ndiyo naidhania kuwa chimbuko la sentensi ya venlafaksini kwenye ripoti yako, kwa sababu aina mojawapo, yenye shughuli iliyozidi kwenye sehemu za utambuzi, iliitikia venlafaksini vizuri zaidi kuliko nyingine. Lakini soma walichopima: mapumziko pamoja na kazi ambazo mtu hufanya akiwa ndani ya mashine. Ripoti yako ina mapumziko peke yake. Shughuli wakati wa kazi huwezi kuisoma kwa mtu aliyelala akitazama alama ya msalaba kwenye skrini.

Sasa 82%. Namba hii inaweza kuwa moja ya vitu vitatu, na wauzaji hupenda kuviacha vichanganyike.

Inaweza kuwa usahihi wa modeli kwenye data ileile iliyoifundisha. Hiyo haina thamani.

Inaweza kuwa usahihi wa majaribio ya ndani, yaani gawanya wagonjwa mafungu 10, fundisha kwa 9, jaribu kwa 1. Hapa kosa maarufu ni kuvuja. Chukua wagonjwa 60 na miunganiko 5,000. Mtu anachagua miunganiko 20 bora akitumia wagonjwa wote 60, ndipo anagawa mafungu. Fungu la majaribio limeshaonwa wakati wa kuchagua. Changanya majibu kiholela kabisa, huyu apone, huyu asipone, na modeli hiyo bado itakupa usahihi mnono ulio juu sana ya 50%. Uchaguzi lazima ufanyike upya ndani ya kila fungu la kufundishia. Swali moja la barua pepe linatosha kuligundua.

Au inaweza kuwa usahihi kwa wagonjwa wa kituo kingine ambao modeli haijawahi kuwaona. Hiyo ndiyo pekee ya kujadili. Januari 2024 jarida la Science lilichapisha kazi ya modeli za kutabiri matokeo ya dawa za skizofrenia (hazikuwa za picha, zilikuwa za taarifa za kliniki). Ndani ya jaribio moja zilitabiri vizuri, zikipelekwa kwenye majaribio mengine zilifanya sawa na kubahatisha. Hakuna sababu ya kudhani picha zitapona ugonjwa huo zenyewe.

Na hata 82% ikiwa ya kweli, bado kuna shimo: ni ya kuitikia venlafaksini *kuliko nini*? Kama mtu huyo angepata nafuu kwa dawa yoyote, namba hiyo inatabiri mwendo wa ugonjwa na haichagui dawa. Ili uchague, lazima uwe na utafiti uliowagawa watu kwa bahati nasibu kwenye matibabu mawili, na alama ya ubongo igeuze mshindi. Mfano mzuri ni kazi ya PET (picha ya mionzi inayoonyesha ubongo unavyotumia sukari) ya mwaka 2013 ya kundi la Helen Mayberg: waliokuwa na shughuli ndogo kwenye sehemu ya mbele ya insula ya kulia (gamba lililojificha ndani ya ubongo) walipona kwa tiba ya utambuzi na tabia na hawakupona kwa esitalopramu, wenye shughuli kubwa ikawa kinyume. Kundi lilikuwa dogo, lakini umbo la swali ndilo hilo. Ripoti yenye dawa moja tu haijajibu swali lako.

---

Mpita_Njia_88

Wakuu mnabana sana. Kama kipimo kina usahihi wa 80%, si bora tuwapime watu wote mapema kabla hawajazidiwa?

---

TakwimuTu

@Mpita_Njia_88 chukua watu 1,000, wenye sonona wawe 50. Kipimo kinachowagundua 80% ya wagonjwa na kuwasafisha 80% ya wazima kitawakamata wagonjwa 40 na wazima 190. Ukishika karatasi yenye jibu "ndiyo", uwezekano wa mwenye karatasi kuwa mgonjwa ni 40 kati ya 230, yaani 17%. Na hiyo ni kwa usahihi ambao picha za ubongo hazijaufikia kwa uhakika nje ya maabara zake. Dodoso la maswali 9 linaloulizwa kwa dakika 3 linafanya kazi hiyo vizuri zaidi, na halihitaji mtu avue hereni.

---

Zamu_ya_Usiku

Asanteni sana. Ya dawa nimeelewa. Imebaki ile nukta ya TMS. Mgonjwa ameshashindwa na dawa mbili, kwa hiyo TMS ilikuwa njiani hata bila ripoti. Hizo namba −42, 40, 30 zina kazi?

---

Koili_Nane

Hapa ndipo picha inapoanza kulipa, lakini picha ya umbo kuliko ya miunganiko. Nitaeleza kwa nini.

Njia ya zamani ya kulenga: tafuta sehemu ya gamba la ubongo inayotikisa kidole gumba cha kulia, punguza nguvu hadi kidole kiitikie mara 5 kati ya 10 (hicho ndicho kizingiti cha misuli), kisha sogeza koili (kifaa cha sumaku kinachowekwa juu ya kichwa) sentimita 5 mbele ukifuata fuvu. Vichwa havilingani. Kwa wengi sentimita 5 zinakuacha nyuma mno, kwenye gamba la kuandaa mwendo, nje ya gamba la mbele la pembeni unalolitaka. Njia bora kidogo ni kupima kwa utepe: kutoka shina la pua hadi kisogoni, kutoka sikio hadi sikio kupitia utosini, na mzunguko wa kichwa, kisha kikokotoo kinakupa nukta ya F3, alama ya kawaida ya EEG (kipimo cha umeme wa ubongo) juu ya gamba la mbele kushoto. Dakika 10, utepe na kalamu ya kuweka alama. Usiidharau.

Njia ya picha: MRI ya umbo yenye chembe za milimita 1, dakika 5 hivi ndani ya mashine, halafu kamera inayofuata miwani ya mgonjwa na koili kwa wakati mmoja. Unaona gamba lenyewe chini ya koili. Faida mbili za uhakika. Unajua mahali, na unajua kina. Nguvu ya sumaku hupungua upesi kadiri unavyotoka kwenye koili, na mtu ambaye ubongo wake umesinyaa mbele anaweza kupata dozi ndogo kuliko uliyoandika, kwa sababu kizingiti ulikipima juu ya gamba la misuli ambako kina ni kingine.

Sasa namba zako. x hasi ni kushoto, y ni mbele, kwa hiyo nukta inaangukia gamba la mbele la pembeni upande wa kushoto, mahali pa kawaida kabisa. Tatizo ni kwamba namba za namna hii karibu kila mara ni za kichwa cha wastani, kile kiolezo cha MNI. Hicho si kichwa cha mgonjwa wako. Ukizichomeka moja kwa moja kwenye kifaa cha kulenga kilichobeba picha yake mwenyewe, unaweza kukosea kwa sentimita nzima na skrini isilalamike. Lazima zigeuzwe kwa ugeuzaji wa kinyume, kutoka kiolezo kwenda kwenye picha yake, na nukta iangaliwe kwa macho: iko juu ya tuta la gamba au imezama kwenye bonde?

Kosa la pili, baya zaidi, ni kulia na kushoto. Madaktari wa picha huonyesha kulia kwa mgonjwa upande wa kushoto wa skrini, programu za utafiti nyingine hufanya kinyume, na faili likibadilishwa muundo mara mbili tatu upande unaweza kugeuka. Dawa yake ni rahisi: kabla ya kupiga picha bandika kidonge cha vitamini E kwenye paji la uso upande wa kulia. Mafuta yake yanang'aa kwenye MRI kama taa ndogo. Ukifungua faili na taa iko kushoto kwa mgonjwa, faili limegeuka, na hapo hakuna ubishi.

Kuhusu kulenga kwa miunganiko: wazo ni la mwaka 2012, kazi ya Michael Fox na wenzake. Walionyesha kwamba nukta za mbele kushoto zilizowahi kuleta nafuu zaidi ndizo ambazo shughuli zake hupanda pale za eneo la 25, sehemu ya chini ya singuleti (gamba la ndani katikati ya ubongo), zinaposhuka. Tatizo la eneo hilo ni kwamba limekaa juu ya mifuko ya hewa ya pua, na hewa huvuruga uga wa sumaku hadi ishara ya fMRI ikapotea. Unajaribu kufuata kamba ambayo mwisho wake hauuoni. Programu nzuri huzunguka hilo kwa kutumia ramani ya wastani ya watu wengi kama mzani. Mbaya huchukua kelele na kuipa jina.

Ushahidi wa matibabu umegawanyika. SAINT, mpango wa TMS wa Stanford, inalenga kwa fMRI ya kila mgonjwa: vipindi 10 kwa siku, siku 5, mapigo 1,800 kila kipindi, dakika 50 kati ya vipindi, jumla mapigo 90,000, kwa 90% ya kizingiti baada ya kurekebisha kina. Kwenye jaribio lililochapishwa mwaka 2022, wagonjwa 29, alama za sonona zilishuka kwa wastani wa 52.5% wiki 4 baadaye dhidi ya 11.1% kwa matibabu bandia, na mamlaka ya Marekani ya FDA ikaidhinisha mwaka huo. Lakini kilichobadilika pale ni vitu vingi kwa pamoja: dozi, kasi na shabaha. Huwezi kusema fMRI ndiyo iliyoleta ushindi. Jaribio la BRIGhTMIND la Uingereza, matokeo ya 2024, wagonjwa 255 wa sonona sugu, ndilo lililokaribia swali lenyewe: kundi moja lililengwa kwa miunganiko, jingine kwa MRI ya umbo. Makundi yote mawili yalipata nafuu, na tofauti kati yao kwa wiki 26 haikuonekana.

Kwa hiyo ningefanya hivi. Piga MRI ya umbo kama inapatikana, lenga kwa kamera, na usimcheleweshe mgonjwa miezi akisubiri fMRI. Nukta ya ripoti iwe rejea tu. Ikiangukia ndani ya sentimita moja ya nukta yako ya F3, hujapoteza kitu kwa kuitumia. Ikiangukia mbali, shuku nukta ya ripoti kwanza.

Usisahau maswali ya usalama: historia ya degedege au kifafa, chuma kichwani karibu na koili, kifaa cha kusikia kilichopandikizwa, dawa zinazoshusha kizingiti cha degedege, pombe na kukosa usingizi. Degedege hutokea kwa chini ya mgonjwa mmoja kati ya 1,000, lakini wengi wao wana kimoja cha hivyo kwenye historia ambacho hakikuulizwa.

---

Nyundo_na_Tochi

Nimesoma yote, naona hakuna aliyeuliza swali la kwanza kabisa: je, umbo la ubongo limesomwa na daktari wa picha? Ripoti za fMRI za kibiashara mara nyingi hupita juu ya picha ya umbo kama vile ni karatasi ya kufungia.

Matumizi ya picha yanayobadilisha utambuzi leo hii ni kutafuta kisicho sonona. Dalili za kukusukuma uombe MRI: saikosisi au sonona inayoanza kwa mara ya kwanza baada ya miaka 50, degedege, udhaifu au ganzi ya upande mmoja, kubadilika kwa tabia kwa siku au wiki badala ya miezi, fahamu inayopanda na kushuka, kuumia kichwa, maumivu ya kichwa yanayozidi ukilala. Mtu wa miaka 50 na kitu ambaye "amepoa", hajali, anakula vitamu kupita kiasi na kusema maneno yasiyofaa mbele za watu, usimpe dawa ya tatu ya sonona kabla hujaangalia kama gamba la mbele na la kando limesinyaa. MRI ikiwa na utata, PET ya glukosi huonyesha sehemu hizo zimepoa kabla kusinyaa hakujaonekana vizuri.

Lakini usimwamini MRI safi kupita kiasi. Ensefalitisi (uvimbe wa ubongo) ya kingamwili dhidi ya vipokezi vya NMDA, iliyoelezwa mwaka 2007, huanza kama wazimu wa ghafla kwa mtu kijana, na nusu ya wagonjwa au zaidi wana MRI ya kawaida. Hapo EEG na maji ya uti wa mgongo ndivyo vinavyosema.

Kwa huyu wa miaka 41 mwenye sonona ya muda mrefu na uchunguzi wa neva usio na kasoro, ningeanza na damu: tezi ya shingo, vitamini B12, wingi wa damu, sukari, VVU na kaswende. Bei nafuu, na jibu likija na kasoro unajua la kufanya.

Mawili ya kumalizia. MRI za watu wasio na dalili yoyote huibua kitu kisichotarajiwa kwa takriban mtu 1 kati ya 37, na mgonjwa aambiwe hivyo *kabla* hajaingia, maana kifuko kidogo cha maji kisicho na madhara kinaweza kumnyima mtu mwenye wasiwasi usingizi wa mwaka mzima. Na kama kampuni hiyo itamshawishi arudie kwa SPECT, ajue kipimo hicho hutumia dawa ya mionzi yenye dozi ya millisiverti 5 hadi 7, wakati mionzi ya asili ya mwaka mzima ni wastani wa 2.4. Kwa kuchagua dawa ya sonona, mionzi hiyo hailipii chochote.

---

Zamu_ya_Usiku

Nimewaandikia kampuni wanipe faili za DICOM (picha zenyewe kutoka kwenye mashine), wastani wa kutikisika, idadi ya picha zilizobaki na mahali modeli ilipojaribiwa. Venlafaksini nayo?

---

TakwimuTu

Ilikuwa kwenye orodha hata bila picha: SSRI (kundi la esitalopramu) imeshindwa, mirtazapini imeshindwa, SNRI (kundi la venlafaksini) ni hatua ya kawaida. Ukiiandika, andika sababu hiyo kwenye faili, ili 82% isije ikanakiliwa na daktari anayefuata kama utambuzi. Pima shinikizo la damu kabla ya kuanza na kila unapopandisha dozi, na mwambie mgonjwa asiikatize ghafla. Alama za dodoso zichukuliwe leo, kisha wiki ya 2, ya 4 na ya 6. Asiposhuka hata 20% kufikia wiki ya 4, nafasi ya kupona kwa dozi hiyo imekuwa ndogo, na hilo litakuambia zaidi kuliko ukurasa wowote wa zile 14.

---

Vokseli_Moja

Wakituma DICOM, fungua kwanza picha ya umbo uangalie kama kuna alama ya kulia. Kama hakuna kidonge, kumuuliza mgonjwa kovu la mkono au hereni ilikuwa upande gani hakutakusaidia, ubongo hauna hereni. Piga upya dakika 5 na kidonge kikiwa kimebandikwa, kabla Koili hajagusa kichwa cha mtu.